Shanta Jepesi na Bunduki ya Kilo Nne: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Lamu

Mwezi wa Aprili, masika yalipokuwa yanaanza, mpwa wangu alirudi Lamu kwa likizo akiwa na swali lililomsumbua msimu mzima uliopita. Yeye ni mwanagenzi wa mwindaji bingwa katika kitalu kimoja cha uwindaji wa kitalii huko Tanzania, upande wa Rungwa, na kazi yake kubwa kwa sasa ni kutembea nyuma ya mwindaji na mgeni wake akiwa amebeba bunduki ya pili, maji, vifaa vya huduma ya kwanza na fimbo tatu za kulengea zilizofungwa pamoja. Alitaka shanta jepesi la kutwa moja litakaloibeba bunduki hiyo bila yeye kuishika. Mimi ni fundi wa matanga na maturubai, na sijawinda maishani mwangu. Hata hivyo nimeshona kwa zaidi ya miaka 30 vitu vinavyobeba uzito na kuvutwa na upepo, na nilipomsikiliza vizuri niliona kwamba swali lake lilikuwa la mshono, la mkanda, na la mahali uzito unapokaa mwilini.

Nimekiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu vijana wetu wanaofanya kazi za porini hununua mashanta haya kwa kutazama picha na namba moja tu, ile ya gramu, na namba hiyo peke yake huwapoteza.

Sharti niliweke wazi jambo la sheria kabla ya mengine. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haikuurudisha. Tanzania inauruhusu kwa leseni, katika vitalu vilivyotengwa, chini ya sheria yake ya wanyamapori ya 2009, na msimu wa uwindaji wa kitalii huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo hakuna bunduki iliyofika Lamu katika kisa hiki. Kilichofika ni vipimo vyake, vilivyoandikwa kwenye daftari.

Kisa chenyewe

Bunduki inayohusika ni ya kaliba .30-06, ambayo hutumika kwa wanyama kama tandala, pofu na kongoni. Kwa nyati hutumika .375 au kubwa zaidi, na hiyo huibeba mwindaji mwenyewe mkononi. Ikiwa na darubini yake juu, bunduki ya pili ilipimwa kilo 4.2, na urefu wake ni sentimita 113. Mpwa wangu alikuwa akiining'iniza begani kwa mkanda wake wa ngozi, huku mgongoni akiwa na begi la kawaida la shule lenye maji lita tatu, koti la mvua, kamba, kisu, chakula cha mchana na mfuko wa dawa. Mkono wa kushoto ulishika fimbo za kulengea. Mkono wa kulia ulikuwa wa kushikia mkanda usiteleze, wa kusukumia matawi, na wa kuinulia darubini ya kifuani.

"Mjomba," aliniambia, "nina mikono miwili na kazi tatu."

Siku moja ya Septemba walikuwa wakishuka korongo lenye mawe. Alipoteleza alishika mzizi kwa mkono wa kulia, bega likainama, na mkanda wa bunduki ukaporomoka kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Darubini ya bunduki iligonga jiwe. Hakuna aliyeumia, na chemba, yaani tundu la kukaa risasi nyuma ya mtutu, ilikuwa tupu, lakini waliporudi kambini na kuipiga kwenye shabaha ya mita 100, risasi ilitua kama shubiri moja kushoto ya pale ilipolengwa. Siku ya mgeni ilipotea, na kesho yake asubuhi pia, wakati darubini ilipokuwa ikirekebishwa. Mwindaji bingwa hakumkaripia. Alimwambia tu kwamba msimu ujao aje na njia bora ya kubeba.

Kosa la siku ile lilikuwa la nani? Mpwa wangu alijilaumu kwa kuteleza. Mimi sikubaliani naye. Kila mtu huteleza kwenye korongo, na kitu chochote kinachokaa begani kwa msuguano peke yake kitashuka siku bega litakapoinama. Mkanda mmoja wa begani umetengenezwa kwa ajili ya mtu anayetembea wima na mwenye mkono mmoja usio na kazi, na yeye hakuwa mtu huyo.

Alipofika kwangu alikuwa ameshachagua. Alinionyesha kwenye simu picha ya shanta la gramu 620, la nailoni nyembamba, lisilo na fremu, lenye kifuko kidogo ubavuni chini na mkanda mmoja juu. Bei yake ilikuwa nafuu, na rafiki yake wa Mombasa alikuwa nalo la kuazima. Nilimwomba asilipe kwanza hadi tulijaribu.

Pau

Ili kujaribu tulihitaji kitu chenye uzito na urefu wa bunduki. Nilichukua pau la mkandaa kutoka kwa muuza boriti, nene kiasi cha kushikika kwa kiganja, nikalikata sentimita 113. Lenyewe lilikuwa na kilo mbili na kitu. Zilizobaki nilizijaza kwa chubwi za nyavu, nikazifunga kwa kamba ya nailoni na kuzisogeza mbele na nyuma mpaka pau likasimama sawa juu ya kidole sentimita 48 kutoka mwisho wake mmoja, kwa sababu mpwa wangu alikuwa ameandika kwenye daftari kwamba bunduki yake husimama sawa hapo, mbele kidogo ya kifyatuo. Watu wengi wanaojaribu mizigo hupuuza jambo hili. Kilo nne zilizojikusanya katikati na kilo nne zilizotawanyika kwenye mti mrefu hazifanyi kazi moja mgongoni.

Hatukulichonga lifanane na bunduki. Lamu yetu imepitia miaka ya kafyu na ya watu kusimamishwa njiani, na haifai mtu kutembea na mfano wa silaha kwenye vichochoro au matutani. Pau lilibaki pau, na chubwi zake zilionekana kwa kila mtu. Hata hivyo tulikwenda kwa mzee wa mtaa kumweleza tunachokifanya na siku tutakazokuwa Shela na Manda, na yeye akawapigia simu wanaohusika.

Mashanta matatu

Kuna namna tatu zinazotumika zaidi za kubeba bunduki kwenye shanta, na tulipata shanta moja kwa kila namna. Ya kwanza huiweka bunduki ubavuni, kitako ndani ya kifuko chini, mtutu juu, mkanda mmoja ukiubana. Ya pili ina ala ndefu iliyoshonwa katikati ya mgongo, kati ya mzigo na mbebaji au nyuma ya mzigo, na bunduki huzama humo karibu yote. Ya tatu haiigusi nyuma kabisa: kikombe cha kitako huning'inia kwenye mkanda wa kiuno, na kishikio cha kufunguka haraka hukaa kwenye mkanda wa bega, hivyo bunduki husimama wima ubavuni mwa mtu, karibu na kwapa, kana kwamba mtu anatembea na mwenzake mwembamba. Namna hii ya tatu imejulikana kwa kazi ya kampuni ya Kifaru ya Marekani, ambayo ilijipa jina kwa lugha yetu. Kuna pia njia ya wachezaji wa baiathloni, wanaoteleza kwenye theluji na fimbo katika mikono yote miwili huku bunduki isiyopungua kilo 3.5 ikiwa imefungwa mgongoni kwa mikanda miwili kama ya begi. Hao hawabebi maji wala koti, kwa hiyo njia yao haikumfaa mpwa wangu, ingawa inathibitisha kwamba mikanda miwili hushinda mmoja kwa mbali.

Shanta la kwanza, lile la gramu 620, tulilipeleka kwenye matuta ya mchanga ya Shela asubuhi ya baridi. Likiwa na maji na vifaa peke yake lilikuwa zuri, na mpwa wangu alinitazama kama mtu aliyeshinda hoja. Tulipotia pau ubavuni, shanta zima lilizunguka. Kitambaa hakikuwa na kitu kigumu cha kukisimamisha, kwa hiyo kifuko cha chini kilivutwa kikanyooka kuelekea gotini, mkanda wa juu ukalivuta shanta upande, na mkanda wa bega la kulia ukabaki umebeba karibu kila kitu. Baada ya nusu saa ya kupanda na kushuka mchangani bega lake lilikuwa na mstari mwekundu wa upana wa kidole.

Mabaharia wanalijua jambo hili bila kufundishwa darasani. Foromali hufungwa pale inapolingana na mlingoti. Ikisogezwa nje kidogo tu, chombo huinama hata kama uzito haujaongezeka hata ratili moja. Mtu akishika ndoo ya maji karibu na kifua ataimudu kwa muda, na akinyoosha mkono ndoo ileile itamshinda. Kilo 4.2 zilizo kando ya uti wa mgongo kwa shubiri moja na nusu humwinamisha mtu kama kilo nyingi zaidi zilizobanwa mgongoni, na misuli ya upande wa pili hufanya kazi kutwa kumrudisha wima. Gramu ambazo mtu amezikwepa dukani hulipwa hapo mara nyingi.

Jambo jingine lilijitokeza alipochuchumaa kufunga kamba ya kiatu. Kitako kiligusa ardhi kabla ya makalio yake, pau likasukumwa juu, na likachomoka kwenye mkanda wa juu likaanguka nyuma yake. Mfuata nyayo huchuchumaa mara ngapi kwa siku kutazama unyayo? Alikaa kimya kidogo, kisha akalivua shanta lile mwenyewe.

Shanta la pili lilikuwa lenye ala. Nilipata moja la mitumba kutoka Kongowea, Mombasa, zito la kilo 2.9 likiwa tupu, lakini limeshonwa kwa uangalifu ambao nauheshimu. Kwa ubebaji peke yake lilikuwa bora kuliko yote. Pau lilikaa sambamba na uti wa mgongo, halikucheza, na mpwa wangu alipanda tuta kubwa la Shela akitumia mikono yote miwili bila kuliona. Kasoro zake zilijitokeza tuliporudi mjini. Milango ya nyumba za Lamu ni mifupi, na mwisho wa pau ulikuwa umepita kichwa chake kwa zaidi ya shubiri. Aligonga kizingiti cha juu cha nyumba yangu, akagonga boriti ya ukumbi, na kwenye kichochoro alipompisha punda aligeuka upande na pau likakwaruza ukuta. Misitu ya miombo haina vizingiti, lakini ina matawi ya kimo hichohicho, na kila tawi linalogonga mtutu hutoa sauti na kuuvuta mwili nyuma.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa ya kuitoa. Tulipima kwa saa ya simu. Akiwa peke yake ilimbidi avue shanta, aliweke chini, afungue mikanda miwili na kuchomoa pau: sekunde 38 mara ya kwanza, 31 alipozoea. Mwenzake akiwa nyuma yake kumchomolea, sekunde 9. Kwa mtu anayevuka mlima kwenda kambi nyingine, sekunde hizo si kitu. Kwa mbebaji wa bunduki ya pili, ambaye mwindaji hunyoosha mkono nyuma bila kugeuka akitarajia kuipokea, nusu dakika ni mnyama aliyekwisha kuingia kichakani.

Hapo ndipo nilipomuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza siku ya kwanza: katika saa kumi za kutembea, ni saa ngapi anahitaji mikono yake, na ni saa ngapi anahitaji bunduki iwe tayari? Alifikiri, akahesabu kwa vidole. Mara nyingi saa sita au saba ni mwendo mtupu, makorongo na vilima, na hapo mikono ndiyo inayohitajika. Saa mbili au tatu ni za kufuata nyayo mbichi, na hapo bunduki itoke kwa mkono mmoja, bila kuvua kitu, bila sauti. Dakika chache za mwisho bunduki huwa mkononi kwa vyovyote, na panapokuwa na dalili ya nyati au tembo hakuna shanta lolote linaloruhusiwa kuishika. Jibu hilo lilikuwa limeshachagua shanta. Sisi tulikuwa tunalitafuta tu.

La tatu alilipata kwa mgeni mmoja wa msimu uliopita aliyemwachia kama zawadi: lita 28, kilo 1.55 likiwa tupu, lenye fito mbili nyembamba za aluminiamu mgongoni na mkanda wa kiuno wenye sponji ngumu. Halikuwa na kifaa chochote cha bunduki. Mpwa wangu alikuwa amelidharau kwa sababu ni zito kuliko mara mbili ya lile la kwanza, na kwa sababu halikuandikwa popote kwamba ni la uwindaji. Fito zile mbili ndizo zilizolistahilisha. Fremu hupeleka uzito kwenye mkanda wa kiuno, nyonga zikabeba, na mabega yakabaki ya kusawazisha. Pasipo fremu, mkanda wa kiuno ni pambo.

Kikombe cha kitako

Nilikata kikombe kutoka turubai la pamba la tanga kuukuu la mashua, kitambaa kilichokwisha kulainika kwa jua na maji lakini bado kizima. Nilikipa kina cha sentimita 14, kwa sababu kifuko kifupi ndicho kilicholiacha pau likachomoka pale Shela, na chini yake nikaweka ngozi ya ng'ombe, maana kitako cha mbao hutoboa turubai kwa kusugua na si kwa kuvuta. Uzi ulikuwa wa poliesta niliopitisha kwenye nta. Nailoni ina nguvu ukiwa mpya lakini jua huila upesi kuliko poliesta, na jua la Rungwa halina huruma zaidi ya la kwetu. Mkanda unaokishikilia kikombe kwenye mkanda wa kiuno niliushona mraba wenye msalaba ndani yake, mara mbili, na nyuma ya mshono nikaweka kiraka cha turubai kama tunavyofanya kwenye pembe za tanga. Shanta la kiwandani huchanika karibu kila mara mahali pamoja: pale mkanda wenye nguvu unaposhonwa kwenye kitambaa dhaifu bila kitu cha katikati cha kuugawanya mvuto.

Kwa upande wa bega nilitumia mkanda wa nailoni wa sentimita 2.5 wenye bizimu la kubana la plastiki, ulioshonwa kwenye mkanda wa bega la kulia kwa kimo cha kifua. Alijaribu kulifungua kwa kidole gumba, na pau likamwangukia kiganjani. Sekunde 3. Kulirudisha sekunde 7, bila kutazama. Bizimu lenyewe lililia kwa mlio mkavu kila lilipofunguka, na mlio huo katika msitu mtulivu husikika mbali. Nililibadilisha kwa kifungo cha mbao na kitanzi cha kamba nyororo, kama vile vya makoti ya zamani. Kifungo hakilii.

Tulivuka kwenda Manda tukapita kwenye mikoko kuelekea Takwa, kwenye matope na kisha kwenye mawe makali ya matumbawe. Palitokea tatizo nililolitarajia: alipopiga hatua ndefu kupanda jiwe, paja lilikisukuma kikombe na pau likampiga kwenye goti. Tulisogeza kikombe nyuma ya nyonga kwa sentimita 6, na tukaongeza kamba ya mpira iliyofunga kikombe kwenye ubavu wa shanta kisibembee. Mwendo wa saa tatu uliofuata ulikuwa mwema. Uzito wa nyongeza zote ulikuwa gramu 210, niliupima kwa mizani ya samaki na kisha kwa ile ndogo ya sonara kwa sababu ya kwanza haina uaminifu kwa vitu vyepesi. Jumla ya shanta ikawa kilo 1.76.

Kuhusu kitambaa sina mengi. Unene wa nyuzi hupimwa kwa denieri, yaani gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000, na nailoni ya 500 hutosha kwa miiba bila kuwa nzito. Vipo vitambaa vya tabaka, kama X-Pac inayotengenezwa na Dimension-Polyant, ambao asili yao ni kutengeneza vitambaa vya matanga, na mimi kama fundi navipenda kwa wepesi wake na kwa kutopitisha maji. Lakini hulia vinapokunjwa, na msakaji hawezi kutembea na kitu kinacholia. Rangi ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, na ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa rangi hizo; mtu aliye na shanta jeusi katika miombo huwabeba mgongoni kutwa. Madoa ya kijeshi nayo yamtie mtu hofu ya aina nyingine, kwa kuwa kwa raia kuvaa mavazi ya jeshi ni kosa Kenya na Tanzania. Shanta lake ni la rangi ya udongo, na hilo lilikuwa bahati.

Chemba tupu

Kuna jambo moja ambalo lilitushtua sote wawili pale Manda, na ambalo sijaliona likielezwa vya kutosha. Tulikuwa tunapita chini ya tawi la mkoko, mimi mbele, yeye nyuma. Niligeuka kumwonya kuhusu tope na nikaona mwisho wa pau umenielekea katikati ya kifua. Alikuwa ameinama tu kulipita tawi. Bunduki iliyofungwa mwilini mtutu ukiwa juu huelekea mbinguni muda wote mtu anapokuwa wima, na hilo humpa kila mmoja utulivu. Mara anapoinama, mtutu hushuka na kumfagia aliye mbele yake, na mbebaji hajui kwa sababu macho yake yako chini. Mbebaji wa bunduki ya pili daima ana mtu mbele yake, na mtu huyo ndiye aliyemwajiri au mgeni aliyekuja kutoka mbali.

Ilikuwa pau la mkandaa, na moyo wangu ulinidunda.

Tuliketi kwenye jiwe tukakubaliana mambo ambayo aliyaandika kwenye daftari lake kwa mkono wake. Bunduki inapokuwa kwenye shanta, chemba ni tupu, bila ubaguzi wa siku wala wa hali, na kizuizi cha kifyatuo hakihesabiwi kuwa badala yake. Kabla ya kuifunga, bolti, yaani komeo la chuma linalofunga chemba, hufunguliwa na mwindaji huonyeshwa chemba kwa macho. Anapoinama chini ya tawi huusukuma mtutu nje kwa kiganja cha kulia, jambo ambalo kikombe cha nyonga kinaliruhusu na ala ya mgongoni hailiruhusu kabisa. Mkono wa bolti uelekee mwilini, kwa sababu ukielekea nje vichaka huushika na kuuinua. Na juu ya mdomo wa mtutu hukaa kipande cha utepe wa umeme kuzuia mchanga na majani, desturi ya zamani ya wawindaji. Mchanga wa Shela ulikuwa umejaa kwenye kila pindo la turubai letu jioni ile, na mtu hahitaji kuelezwa ungeufanya nini mtutu.

Kwa hukumu yangu, hoja hii ya kuinama ingetosha peke yake kuliondoa shanta la ala kwa kazi yake, hata kama lingetoa bunduki kwa sekunde mbili. Mtu anayetembea peke yake mlimani anaweza kuamua vingine.

Rungwa

Aliondoka mwishoni mwa Juni kwa basi, shanta likiwa tupu ndani ya gunia na pau likibaki kwangu nyuma ya cherehani. Katika wiki ya tatu ya Julai alinipigia simu kutoka kilimani, mahali pekee penye mtandao, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri. Mikono yake sasa ina kazi mbili. Mabega hayamuumi. Mwindaji ameipokea bunduki mkononi mara nne kwa siku moja bila kugeuka, na amemwomba mfuata nyayo wa pili ashonewe kikombe kama kile.

Mawili hayakwenda sawa, na ni haki yaandikwe. Kamba ya mpira niliyoifunga Manda ilikatika siku ya kumi na moja. Joto na vumbi viliikausha, na nilipaswa kujua, maana sijawahi kufunga tanga kwa mpira. Ameweka ukanda wa ngozi badala yake na unashika. La pili ni jasho: sehemu ya mtutu inayokaa karibu na kwapa ilianza kutia kutu kidogo kwenye chuma, hivyo kila jioni huipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, na ameniuliza kama naweza kumtengenezea kinga ya pale.

Alinitumia picha ya kikombe kwa karibu. Mshono wa mraba haujafunguka hata nukta moja. Ngozi ya chini imechimbika upande wa kisigino cha kitako, mahali penye ukubwa wa shilingi, na turubai limeanza kuonekana. Nimeshakata ngozi nyingine, nene mara mbili, na kipande cha suedi cha kukaa kwapani, na vyote viko kwa dereva wa basi la kesho asubuhi.